Helmeti ya Kazi za Miti: Namna ya Kupata Inayokukaa Sawasawa Kichwani

Helmeti inayouma haikai kichwani. Mwenyewe huivua "apumue kidogo", akaitundika kwenye kisiki, na tawi kavu lililonasa juu tangu asubuhi halisubiri aivae tena. Mimi yalinikuta. Helmeti yangu ya kwanza ilinibana paji la uso hadi, ikifika saa nne asubuhi, kichwa kinagonga kama ngoma. Siku hiyo nilikuwa chini nakusanya matawi, nimeivua. Kijiti chembamba kama kidole gumba kilishuka kikanichana utosini, nikashonwa nyuzi sita. Kingekuwa kinene kama mkono, pengine nisingekuwa naandika haya.

Tangu siku ile naihesabu raha ya kichwa kuwa sehemu ya kinga yenyewe. Na raha hiyo huipati kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye boksi. Unaipata kwa kuvaa helmeti muda wa kutosha, ikiwa na vifaa vyake vyote, huku mwili wako ukifanya yale unayoyafanya kazini: kutazama juu, kuinama, kujipenyeza kati ya matawi, kuning'inia kwenye kamba. Hatua zifuatazo zinakupeleka huko kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Amua kwanza kama kazi yako ni ya chini au ya juu

Anayekata miti akiwa amesimama ardhini na anayepanda kwa kamba hawahitaji ukanda wa kidevu wa aina moja. Wengi hulipita jambo hili, kisha wanashangaa.

Helmeti za kawaida za viwandani na misituni huko Ulaya hupimwa kwa kiwango kiitwacho EN 397. Ukanda wake wa kidevu umetengenezwa makusudi uachie ukivutwa kwa nguvu ya nyutoni 150 hadi 250, yaani karibu sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 15 hadi 25. Sababu ni kwamba helmeti ikinaswa na tawi au mashine, ukanda usikunyonge. Helmeti za wapanda milima hupimwa kwa EN 12492, na ukanda wake unatakiwa ustahimili nyutoni 500. Mtu anayeanguka na kuyumba kwenye kamba anaweza kugonga shina mara mbili au tatu, na helmeti lazima iwe bado kichwani kwenye pigo la mwisho.

Kwa hiyo anayepanda atafute helmeti yenye ukanda usioachia kirahisi, na anayefanya kazi chini achukue ile inayoachia. Ukifanya zote mbili, zipo helmeti ambazo bizimu yake hugeuzwa ikawa ya aina hii au ile. Ukinunua ya namna hiyo, hakikisha kila asubuhi imewekwa upande unaofaa kwa kazi ya siku hiyo.

Viwango hivi viwili vinatofautiana pia katika kupima pigo. EN 397 huangusha uzito wa kilo 5 kutoka mita 1 juu ya utosi, na nguvu inayopenya hadi kichwani isizidi kilonyutoni 5, yaani nyutoni 5,000. EN 12492 huangusha uzito huohuo kutoka mita 2 lakini inaruhusu hadi kilonyutoni 10 zipenye, na hujaribu pia mbele, ubavuni na nyuma. Hivyo usikubali muuzaji akuambie kwamba moja ni "bora" bila kukuuliza kazi yako. Nchini Marekani kiwango ni ANSI Z89.1: Aina ya I hukinga pigo la juu ya utosi, Aina ya II hukinga la juu pamoja na la ubavuni. Kwenye miti mimi ningechagua Aina ya II bila kusita, kwa kuwa tawi lililofungwa kamba huja likiyumba kutoka pembeni mara nyingi kuliko linavyoanguka wima.

Tafuta alama hizi ndani ya gamba la helmeti. Zisipokuwepo, irudishe ilipotoka.

Hatua ya 2: Pima kichwa, halafu tazama umbo lake

Chukua futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Izungushe kichwani kidole kimoja juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, ipite pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu na uchukue namba kubwa. Helmeti nyingi zenye gurudumu la kukazia, lile dogo la kuzungusha pale kisogoni, huingia vichwa vya sentimita 53 hadi 63. Kama kipimo chako kiko kwenye ncha ya masafa hayo, kwa mfano 53 au 62, usitegemee gurudumu likuokoe. Tafuta helmeti ambayo kipimo chako kinaangukia katikati ya masafa yake, au inayouzwa kwa saizi mbili.

Kuna jambo ambalo boksi halikuambii. Watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuwa na vichwa tofauti kabisa: mmoja mrefu kutoka paji la uso hadi kisogoni na mwembamba ubavuni, mwingine wa mviringo kama chungu. Helmeti nayo ina umbo lake. Mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti ya mviringo, atasikia inamchoma mbele na nyuma huku pembeni kuna nafasi ya kupitisha vidole. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa helmeti ndefu, itambana kwenye panja, na mbele itacheza. Ukiona dalili hizi, gurudumu halitasaidia, maana hukaza pande zote kwa pamoja, nawe utahangaika kati ya maumivu na ulegevu. Achana nayo ujaribu muundo mwingine. Ile iliyoniumiza mimi ilikuwa saizi yangu kabisa. Umbo ndilo lilikuwa la kichwa cha mtu mwingine.

Njia rahisi ya kujua umbo lako ni kulowesha nywele zilale, kisha kumwomba mtu akupige picha kutoka juu ya utosi. Utashangaa ulivyo.

Nywele nazo zihesabiwe. Pima na ujaribu ukiwa umesuka, umenyoa au umefunga ushungi kama utakavyokuwa kazini. Fundo la nywele likikaa chini ya gurudumu litaisukuma helmeti mbele. Lishushe chini kabisa shingoni au ugawe nywele mikia miwili. Kitambaa chembamba kisicho na mshono mnene hakina shida, mradi umekivaa tangu mwanzo wa kupima. Kapelo yenye ukingo usiivae chini ya helmeti hata siku moja: ukingo wake huinua helmeti, na kifungo chake cha utosini ni kama jiwe dogo linalosubiri kugongewa.

Hatua ya 3: Legeza kila kitu, kisha kaza kwa mpangilio

Kosa la kawaida dukani ni kuchukua helmeti, kuivaa kama ilivyo, kuzungusha gurudumu na kutoa hukumu. Huenda ilirekebishwa kwa kichwa cha mteja aliyetangulia. Ianze upya.

Legeza gurudumu la kisogoni hadi mwisho, na ulegeze kanda zote za kidevu. Vaa helmeti ikae sawa, ukingo wa mbele ukiwa upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Ikiwa juu zaidi, paji la uso liko wazi. Ikiwa chini zaidi, hutaona juu bila kuinua shingo yote, na kwenye miti shingo ndiyo inayochoka kuliko mikono.

Sasa tafuta kimo cha ile pete ya kichwa, yaani mkanda unaozunguka kichwa ndani ya gamba. Helmeti nzuri hukuruhusu kuipandisha na kuishusha, mbele na nyuma. Sehemu ya nyuma ishuke mpaka ikumbatie kichwa chini ya pale kisogo kinapochomoza. Hapo ndipo helmeti hushikilia. Ikikaa juu ya uvimbe huo wa mfupa, utakaza gurudumu mpaka macho yakutoke na bado itateleza.

Kaza gurudumu taratibu. Simama mara tu helmeti inapoacha kucheza. Kama alama ya pete inabaki imechorwa kwenye paji la uso baada ya dakika tano, umezidisha.

Kanda za kidevu ndizo za mwisho. Ule wa mbele na ule wa nyuma vikutane chini kidogo ya ndewe la sikio, kama herufi V inayolizunguka sikio bila kuligusa. Funga bizimu na ukaze hadi kidole kimoja tu kipite kati ya ukanda na kidevu. Piga mwayo mkubwa: helmeti inapaswa kuvutwa chini kidogo. Isipovutwa, ukanda umelegea.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa mienendo ya kazi

Ukiwa umefungua ukanda wa kidevu, tikisa kichwa kama anayekataa, kisha kama anayekubali. Helmeti isihame. Inama hadi uone vidole vya miguu. Iliyokaa vizuri itabaki kichwani hata bila ukanda, ingawa hutafanya kazi hivyo.

Funga ukanda. Weka kiganja nyuma ya helmeti, chini, usukume kuelekea mbele na juu kama unayetaka kuifunua. Ikija ikakufunika macho, pete ya nyuma iko juu mno au V ya kanda imekaa vibaya. Fanya vivyo hivyo kutoka mbele ukisukuma nyuma. Jaribio hili naliamini kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anapopigwa na tawi helmeti huzunguka kabla haijafanya kazi nyingine yoyote.

Kisha tazama juu. Tazama juu hasa, kama unayekagua kilele cha mti ukiwa umesimama kwenye shina, na ubaki hivyo kwa dakika mbili. Vaa mkanda wako wa kupandia na koti lako la kazi kabla ya jaribio hili. Ukingo wa nyuma wa helmeti ukigusa kola au mabega, utaisukuma helmeti ikuangukie machoni kila unapoinua uso. Dukani hutaligundua ukiwa na fulana tu. Tazama pia kama ukingo wa mbele unakukatia mwanga wa juu. Helmeti za kupandia huwa na ukingo mfupi kwa sababu hii.

Hatua ya 5: Funga viziba masikio na wavu wa uso kabla hujalipa

Msumeno wa mnyororo hutoa kelele zinazopita desibeli 100, kwa hiyo viziba masikio si vya hiari. Lakini ndivyo vinavyoharibu helmeti nyingi nzuri. Helmeti uliyoipenda ikiwa tupu inaweza kukuchosha ndani ya saa moja baada ya kufungiwa vikombe viwili na wavu.

Angalia kwanza kama mtengenezaji anakubali viziba hivyo kwenye helmeti hiyo. Tundu la pembeni kufanana na kishikio hakutoshi, kwa kuwa helmeti na viziba hupimwa kwa pamoja. Halafu vishushe. Kikombe kizima kikumbatie sikio lote, sponji yake iguse ngozi pande zote, isikalie ndewe wala nywele. Shusha na pandisha mikono ya vikombe mpaka vikae katikati ya sikio. Sogeza taya kama unayetafuna na uzungumze. Sauti ya nje isiingie na kutoka.

Wenye miwani wawe makini zaidi. Mikono minene ya miwani hufungua njia chini ya sponji, kelele zikaingia, tena baada ya nusu saa itakuchoma nyuma ya sikio. Chagua miwani ya mikono myembamba, iliyonyooka. Na miwani ya kukinga macho utaihitaji hata ukiwa na wavu: wavu huzuia vipande vya mbao na vijiti, ila vumbi la msumeno hupita matunduni mwake.

Sasa sikiliza uzito. Wavu ukiwa umeinuliwa, uzito hupanda juu na mbele, na helmeti hutaka kupinduka. Inua wavu, ushushe, inama, geuza kichwa haraka kushoto na kulia. Kama lazima ukaze gurudumu ili kuzuia kupinduka huko, unalipia uzito wa vifaa kwa maumivu ya paji la uso. Helmeti yenye pete ya nyuma inayoshuka chini zaidi huuvumilia mzigo huu vizuri kuliko nyingine.

Ukiwa umepumzika, usiviache viziba vimebana ubavu wa gamba. Vinyanyue hadi mahali pake pa kuegeshwa. Vikibana plastiki siku nzima, sponji hubonyea na chemchemi zake hulegea.

Hatua ya 6: Kaa nayo nusu saa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dakika tatu mbele ya kioo hazitakuonyesha chochote, kwa kuwa sehemu inayochoma huanza kuuma baada ya damu kubanwa kwa muda. Omba uivae nusu saa pale pale dukani, ikiwa na vifaa vyote. Kama umeagiza kutoka mbali, ivae nyumbani bila kubandua vibandiko, ukipanda ngazi, ukifagia, ukiinama. Ukiivua, jipapase: wekundu mwepesi unaopotea kwa dakika chache hauna neno. Alama iliyochongoka sehemu moja, hasa katikati ya paji la uso au kwenye panja, ni ishara kwamba umbo halikufai.

Kuna dosari ndogo zinazorekebishika. Sponji ya paji la uso ikiwa nyembamba, mtengenezaji mara nyingi huuza iliyo nene. Usishone wala kubandika sponji yako mwenyewe ndani.

Joto ni jambo la kuamua hapa pia. Matundu ya hewa hupunguza jasho, na rangi nyeupe au ya njano hupokea joto la jua kidogo kuliko nyeusi, tena huonekana vizuri kati ya majani. Lakini kama utakata karibu na nyaya za umeme, chukua helmeti isiyo na matundu iliyopimwa kwa umeme. Katika ANSI Z89.1, daraja E hupimwa kwa volti 20,000, G kwa volti 2,200, na C haina kinga ya umeme kabisa. Hata ile ya daraja E si ruhusa ya kusogelea waya wenye moto. Inakupa kinga pale tu umegusa kwa bahati mbaya.

Hatua ya 7: Ilinde nafasi iliyo ndani

Helmeti za kanda, yaani zile ambazo gamba lake hubebwa na kanda zilizopita juu ya utosi kwa ndani, hukinga kwa nafasi iliyo kati ya utosi na gamba. EN 397 hutaka nafasi hiyo isipungue milimita 25. Pigo likija, kanda hunyooka na kumeza nguvu kabla gamba halijafika kichwani. Ukiweka pale simu, glavu au pakiti ya kitu chochote, umejenga daraja la kupitishia pigo. Helmeti zenye sponji ngumu ndani hufanya kazi tofauti: sponji hubonyea na kuvunjika ili ichukue nguvu. Baada ya pigo zito sponji hiyo imekwisha hata kama nje hakuna ufa. Aina zote mbili hutupwa baada ya pigo kubwa, na kabla ya kuzitupa kata kanda zake ili asiokote mwingine akaivaa.

Petroli, rangi ya kupulizia, gundi za vibandiko na dawa za mbu zenye DEET hudhoofisha plastiki. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani. Ndani ya gamba kuna duara lenye mshale unaoonyesha mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Lisome pamoja na maelezo ya mtengenezaji, kwa kuwa muda wa matumizi hutofautiana. Plastiki iliyopauka, inayotoa unga mweupe ukiisugua au yenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, imefika mwisho hata kama tarehe bado.

Kitambaa cha jasho kikiwa kigumu kama ngozi kavu, badilisha. Mara nyingi mtu hudhani helmeti imeanza kumbana, kumbe ni chumvi ya jasho la miezi sita.

Wiki ya kwanza beba kalamu. Kila unapogusa gurudumu au ukanda, andika saa na kilichokusumbua. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nalegeza gurudumu kila baada ya chakula cha mchana, nikatambua kuwa asubuhi nakaza kwa wasiwasi wa kupanda, kuliko inavyohitajika. Nilipunguza mibofyo miwili, na maumivu ya mchana yakaisha.

Na usiiazimishe ovyo. Mwenzako akiichukua hata kwa robo saa, ataligeuza gurudumu na kuzisogeza kanda zifuate kichwa chake. Ikirudi, ilegeze yote na urudie hatua ya 3 kabla hujainua mguu kutoka ardhini.